Makopo Sita ya Maji

Maji niliyatia mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamshuku mkwe wangu, maana yule hata habari ya harusi anaisimulia bila kuitia chumvi. Niliyatia mimi, kwa mkono wangu wa kushoto, kopo moja moja, magunia sita.

Mwaka ule serikali ilikuwa imetangaza ruzuku ya bei. Ukipeleka mahindi yako kwenye ghala la serikali unalipwa bei ya soko, halafu unaongezewa juu yake karibu nusu ya bei hiyo kwa kila gunia. Kila mkulima wa wilaya alipewa kibali cha magunia thelathini, na siku ya mwisho ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa herufi kubwa, ili hata sisi wa shule ya msingi tusije tukasema hatukuona. Mkwe wangu, mjane wa mwanangu mdogo, ambaye watu wote wanamwita Mama Pacha, aliyaanika mahindi yake wiki tatu. Asubuhi anayatandaza, jioni anayaanua, wingu likipita anakimbia kuyafunika kama mtu anayemfunika mtoto. Siku ya kuyatia kwenye magunia niliyauma. Naitwa Bibi Jino kwa sababu limebaki jino moja la kutegemewa, na punje ikivunjika juu ya jino hilo nakwambia kama imekauka au inakudanganya. Zile zilivunjika kwa mlio kama njiti ya kiberiti. Nikamwambia, "Haya, shona."

Mtauliza basi maji yalikuwa ya nini. Mazoea, wenzangu. Miaka thelathini tulikuwa tunamuuzia dalali mmoja anayeitwa Mjomba, kwa sababu kila mkulima kwake ni mpwa. Kwa hesabu hiyo mimi nikawa dada yake, na dada haibiwi. Ndivyo alivyokuwa akisema huku mizani yake inakula kilo mbili kwa kila gunia. Nami kila gunia lililokuwa linakwenda kwake nililitoboa njia kwa mpini wa mwiko, nikamimina kopo kubwa la maji, nikalishona. Yeye anakula kilo mbili, mimi namrudishia kilo mbili. Hatukuwahi kugombana.

Basi siku mbili kabla ya ghala kufungwa, Mama Pacha alikwenda ofisini kufuata kibali. Magunia thelathini yalikuwa yamepangwa ukutani yananitazama. Mkono ukaniwasha. Nilipofika la sita mgongo ukakataa, nami nikasikia lango linafunguliwa, nikaficha kopo. Serikali, nilijiambia, ina mizani kubwa. Kopo litaonekanaje?

Sasa sikilizeni maji hayo yangeweza kubeba nini. Mume wangu alituachia shamba la bondeni, na hati yake iko kwa jina la mwanangu mkubwa, kwa kuwa wakati ule ndiye aliyekuwa na nauli ya kwenda ofisi ya ardhi. Tunamwita Mkubwa, jina ambalo amelikubali bila kupingwa. Ana duka la saruji na mabati mjini. Ndugu yake alipofariki alianza kusema kwamba kulima mahindi ni kazi ya punda, heri bonde lipandwe mikaratusi, maana mti unakua wewe umelala. Mama Pacha na mabinti zake wawili wanakula kutoka bonde hilohilo. Tulibishana sebuleni kwangu mpaka chai ikapoa, na mwisho Mkubwa akasimama.

"Sawa. Mwaka huu akipata bei ya serikali kwa magunia yote thelathini, shamba naliandika jina lake. Akirudi kumuuzia Mjomba kwa bei ya kutupa, napanda miti. Na sitaki kusikia nimemnyanyasa mjane."

"Thelathini," akasema Mama Pacha.

"Thelathini. Lori nitaleta mwenyewe, nione kwa macho yangu."

Mwanangu ana mengi, lakini kauli yake haiyumbi. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Siku ya mwisho tulifika ghalani saa tatu asubuhi tukakuta foleni imezunguka uzio. Ndani kulikuwa na uwanja mpana wa saruji, milango mirefu ya bati, na vumbi la mahindi linalokufanya upige chafya kabla hujasalimia. Mbele ya mlango ilikuwepo meza, na mezani alikaa Mpimaji, binti mwembamba aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Nje ya lango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mjomba na mizani yake. Hakuwa na haraka. Alikuwa kama kunguru aliyesikia kuwa kuna machinjo.

Nilifahamu kwa nini hana haraka ilipofika zamu ya mzee aliyekuwa mbele yetu, aliyevaa redio shingoni. Mpimaji alichukua bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, akalichoma gunia, akatoa punje kiasi cha konzi na kuzimimina kwenye kidude cheusi kilichokuwa mezani. Mwaka jana kidude hicho hakikuwepo, na makuli walikuwa wameshakiita Chura. Kikalia mara mbili, kwaa, kwaa.

"Kumi na nne nukta mbili," akasema Mpimaji. "Mzee, unyevu umezidi. Rudisha."

"Gunia hilo?"

"Yote. Moja likizidi kumi na tatu na nusu, shehena nzima inarudi. Imeandikwa pale ukutani."

"Huyo Chura wako ana mume?" akauliza mzee wa redio. "Maana anaonekana ameamka vibaya." Watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha akageuka kuyapeleka magunia yake nje kwa Mjomba, kwa bei ya kutupa.

Mimi sikucheka.

"Anachoma magunia mangapi?" nikamuuliza kuli mmoja.

"Kumi, popote anapotaka."

Kumi katika thelathini, na sita ni yangu. Hesabu hiyo hata aliyetoroka shule anaijua. Nikafikiri upesi. Magunia yangu nayajua, kwa sababu mimi ni wa mkono wa kushoto na mshono wangu unalalia upande wa pili. Nikawazunguka makuli walipokuwa wanashusha. "Hili chini, wanangu. Na hili chini. Haya ni mazito, yasije yakawaangukia." Wakanitii, na matano yakalala chini kama watoto wema. La sita lilikuwa mabegani mwa kuli mwenye haraka, akalitupa juu kabisa, ukingoni, mdomo ukimtazama Mpimaji.

Ilikuwa imetimia saa saba na dakika ishirini. Mpimaji akaanza. Gunia la kwanza, Chura akalia mara moja: kumi na mbili nukta nane. La pili, mara moja. Mkubwa alisimama na mikono mfukoni, funguo zikilialia. Mama Pacha alikuwa anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. La tatu, mara moja. Kisha bambo likanyooka kuelekea gunia langu.

Nikalikalia.

"Bibi, nakuomba usogee."

"Miguu imelala, mwanangu. Choma lingine, yote ni mahindi."

"Nimechagua hilo."

"Chagua tena. Hata mume watu huchagua mara mbili."

Makuli wakacheka, Mpimaji hakucheka. Aliniangalia juu ya miwani, bambo mkononi, na nyuma yetu foleni ikaanza kunguruma. Mkubwa akasogea.

"Mama, inuka. Unamchelewesha mtu kazini."

"Nimesema miguu imelala."

Ndipo Mama Pacha alipoinama kunishika mkono aniinue, na macho yake yakaangukia mshono. Akautazama. Akatazama mshono wa gunia la pembeni, wake yeye, ulioegemea kulia. Mwanamke huyu ameishi nami miaka kumi na saba. Ameniona nikimuuzia Mjomba. Akainamisha mdomo sikioni mwangu.

"Mama. Mangapi?"

"Sita."

"Kopo?"

"Kopo."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alinyooka polepole, akafuta viganja kwenye kitenge, nami nikamwona anafungua kinywa kumgeukia Mpimaji. Nilijua atakachosema. Angesema kuna magunia yenye maji, basi, bila kutaja mkono, na dunia nzima ingedhani ni wake. Nikainuka kabla hajatoa sauti. Miguu ikaamka yenyewe.

"Mpimaji, weka chini chuma chako," nikasema. "Gunia hili lina maji. Na mengine matano huko chini, yenye mshono uliolalia kushoto. Niliyatia mimi kwa kopo. Mkwe wangu hajui kitu. Yeye aliyakausha."

Funguo za Mkubwa zikanyamaza. Kutoka nje ya uzio ikasikika sauti.

"Kumbe hata yale ya kwangu, dada? Miaka yote ile?"

"Si yote. Mwaka wa ukame nilikuhurumia. Maji yalikuwa adimu."

Kicheko kilipanda mpaka kwenye mabati, lakini mimi nilikuwa namtazama Mpimaji peke yake. Alivua miwani, akaisugua.

"Kwa kuwa umesema kabla sijalichoma, magunia hayo unaweza kuyatoa ukayaanika," akasema. "Lakini kibali ni cha thelathini, na shehena haigawanywi. Lango linafungwa saa kumi. Na msiniletee mahindi yenye joto, yanamdanganya Chura. Yakae kivulini robo saa. Kwa hiyo saa yako, Bibi, si kumi. Ni tisa na dakika arobaini."

Mama Pacha alikuwa ameshageuka. "Shemeji," akamwambia Mkubwa, "naomba turubai la lori."

"Turubai linakwenda na lori. Lori lina safari ya saruji saa nane." Mkubwa hakupandisha sauti, hana haja ya kuipandisha. "Mimi nilisema thelathini. Aliyeharibu ni mama mwenyewe. Sina la kuongeza."

Basi Mama Pacha alivunja tawi akafagia saruji iliyo wazi, akayamwaga magunia sita juu yake, akavua ndara. Hakuna kinachogeuza mahindi vizuri kama miguu. Unakwenda mbele unaburuta, unachora mfereji, unarudi unachora mwingine, punje za chini zinapanda juu. Jua lilikuwa kali, saruji ikichoma, naye akaenda na kurudi bila kunitazama. Nyuma ya ghala niliona wingu. Dogo, jeusi, kama sufuria iliyofunikwa.

Mimi nilikwenda kwa mama wa chai aliyekuwa langoni, nikaomba chupa kavu ya soda na kijiko cha chumvi. Unatia konzi ya mahindi kwenye chupa, unatia chumvi, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado kuna maji. Ikidondoka chini yote, yamekauka. Nilitikisa. Chupa ikawa nyeupe kama dirisha la kinyozi.

Saa nane kasorobo, chumvi imeganda. Miguu miwili haiwezi kugeuza magunia sita. Yangu mitatu ukihesabu na bakora, nayo haina faida. Makuli walikuwa na shehena za watu. Nikamwangalia mwanangu amesimama kivulini na viatu vinavyong'aa, nikapiga hesabu nyingine, ambayo haifundishwi shuleni.

"Mama Pacha," nikasema kwa sauti ya kufika mbali, "usimwonee shemeji yako. Ile miguu ni ya dukani. Akikanyaga punje tatu itabidi tumbebe."

Kuli mmoja akacheka. Mzee wa redio, ambaye alikuwa hajaondoka, akadakia. "Bosi huyo? Hata soksi zake sidhani kama anavua mwenyewe."

"Mimi nimeanika mahindi kabla ya hawa kuzaliwa," akasema Mkubwa.

"Tunasikia tu," nikasema, nikatikisa chupa yangu.

Mkubwa alitazama makuli, akatazama viatu vyake. Kisha akainama, akafungua kamba za kiatu kimoja, akasita, akafungua cha pili. Alikunja suruali mpaka magotini. Alipotia mguu kwenye mahindi yale ya moto alifumba macho kidogo, lakini hakurudi nyuma. Alitanguliza kisigino, akaburuta, akageuza wayo nje. Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa miaka ishirini na mitano, na ilibidi niangalie chupa.

"Unachora mbali mbali sana," Mama Pacha akamwambia.

"Nachora sawa."

"Karibianisha mifereji, shemeji. Zinabaki chini."

Akakaribianisha.

Saa nane dereva akapiga honi, na Mkubwa akampungia mkono asubiri. Saa nane na nusu akapiga tena. Saa tisa kasoro dakika tano upepo uligeuka, na ule ubaridi unaotangulia mvua ukanipiga shingoni. Tone moja likaanguka kwenye mkono wangu. Hapo hapo nikasikia lori linawaka. Dereva alikuwa amechoka kusubiri na alikuwa anaelekea langoni, turubai likiwa limefungwa nyuma.

Sitasahau mpaka nazikwa. Mwenye duka la saruji na mabati, suruali magotini, miguu mitupu nyeupe kwa vumbi, alikimbia akilifukuza lori lake mwenyewe uwanja mzima, akipiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Simama! Turubai! Simama we!" Mjomba alisimama kwenye kiti chake ili aone vizuri. Lori likasimama langoni. Mkubwa alipanda nyuma, akakata kamba kwa meno na kisu, akalivuta turubai chini, na Mama Pacha na makuli wawili wakalipokea wanakimbia.

Lilifika juu ya mahindi matone yakiwa bado yanahesabika. Tukashika pembe nne, mimi na bakora yangu nikiwa pembe ya tano. Mvua ikapiga turubai. Nilimsikia Mama Pacha anahema, na Mkubwa anahema, na maji yanateremka kwenye mteremko wa saruji, yanapita karibu na pindo, yanapita. Dakika sita labda. Wingu likaenda kumsumbua mwingine na jua likarudi kana kwamba halikufanya kitu.

Tulifunua. Mahindi yalikuwa salama, isipokuwa ukingo mmoja kiasi cha shubiri mbili. Mama Pacha alipiga magoti, akaokota punje zilizolowa mojamoja akazianika peke yake kwenye bati la moto lililoegemea ukuta. Saa tisa na robo nikatikisa chupa. Chumvi ikaganda upande mmoja. Saa tisa na nusu nikatikisa tena, nikaiweka chini, nikaogopa kutazama.

"Mama, imeanguka," akasema Mkubwa. Alikuwa amechutama nyuma yangu. "Imeanguka yote."

Tukayakusanya, tukayapeleka kivulini, tukayaacha yapoe. Niliponyoosha mkono kuchukua sindano ya kushonea, Mama Pacha akaniondolea.

"Wewe usiguse kitu."

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia tangu saa saba na nusu. Nilikaa nikakunja mikono kama mgeni.

Zilikuwa zimebaki dakika tisa Mpimaji alipokuja. Alichoma moja kavu kutimiza hesabu ya kumi, kisha akayachoma yote sita bila kuchagua. La kwanza, kumi na tatu nukta moja. La pili, kumi na tatu. La tatu na la nne, Chura akalia mara moja moja. La tano, kumi na tatu nukta tatu. La sita lilikuwa na zile punje za ukingoni. Alizimimina. Chura akakaa kimya. Namba zilikuwa zinapanda kwenye kioo chake, Mpimaji akizisoma kwa midomo bila sauti, na Mama Pacha alikuwa ameshika mkono wa kwanza aliouona, ambao ulikuwa wa Mkubwa.

"Kumi na tatu na nusu," akasema Mpimaji.

Chura akalia mara moja. Tukasubiri. Hakuongeza.

"Na nusu inaruhusiwa?" akauliza Mkubwa.

"Nilisema isizidi. Haijazidi." Akavuta fomu ya ruzuku, akaandika thelathini, akagonga muhuri, kisha akaigeuza upande wetu. "Hapa bado. Mwenye shamba ni nani? Andikeni jina kamili, ndilo litakaloingia kwenye daftari la wilaya."

Mama Pacha alitazama sakafu. Mkubwa aliichukua kalamu. Aliishika muda mrefu, punje moja imemng'ang'ania kwenye kidole gumba cha mguu.

"Yalikuwa thelathini?" akamuuliza Mpimaji.

"Thelathini."

"Bei ya serikali?"

"Si ndiyo fomu hiyo umeishika?"

Akanigeukia. "Umenitega, mama."

"Mimi? Mimi nilikuwa na chupa."

Alitikisa kichwa, akainamia meza, kisha akasimamisha kalamu hewani. Masikio yalimbadilika rangi. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "jina lako kamili linaandikwaje?"

Mama Pacha akalitaja, majina yote matatu. Mimi mwenyewe sikuwa nimelisikia tangu siku tuliyomleta nyumbani, nusura niulize ni nani huyo. Mkubwa akaliandika polepole, akauliza tena herufi moja katikati, akairudia juu yake mpaka ikasomeka. Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja ofisi ya ardhi kuifuata ile hati, na mimi sikualikwa.

Lakini hiyo ni kesho. Siku ile, kabla lango halijafungwa, Mjomba alikuwa nje anafungasha mizani yake.

"Dada, mwaka kesho tutaonana?"

"Ukinunua mizani mpya, nami nitauza kopo."

Mkubwa alikuwa anachechemea uwanjani akitafuta viatu vyake. Kimoja kilikuwa kimejaa mahindi, sijui yaliingiaje. Mama Pacha alikiinua, akamimina mahindi kwenye kiganja, akamwonyesha Mpimaji aliyekuwa anakusanya fomu zake mezani.

"Na haya nayo tuyapime?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa, maana alisema huku amenitazama mimi.